Rangi ya Kucha kwa Watoto wa Chini ya Miaka Mitano: Je, Inafaa?

Siku za mahafali ya chekechea zinapokaribia, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba, wapaka rangi kucha wa Mbalizi hupata kazi nyingi. Mji huu mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, magharibi mwa Jiji la Mbeya, haukosi wapita njia, na penye wapita njia hapakosi kijana mwenye kikapu cha chupa ndogo za rangi, pamba na kichupa cha asetoni. Hupita sokoni, kwenye saluni na barazani kwa watu. Akina mama hupakwa, mabinti hupakwa, na mtoto wa miaka miwili aliyepakatwa pembeni naye hunyoosha vidole. Kila mtu hucheka, na mtoto hupakwa bila malipo. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Swali ambalo wazazi huuliza kliniki kuhusu jambo hili ni fupi: je, rangi hii ina madhara kwa mtoto? Majibu wanayopewa nayo huwa mafupi. Wapo wanaoambiwa ni urembo tu, na wapo wanaoambiwa ni sumu. Majibu yote mawili yana kasoro. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano rangi ya kucha haifai, lakini sababu kubwa si ile inayotajwa zaidi. Rangi iliyokwisha kukauka kuchani si hatari kubwa. Hatari kubwa ni kichupa cha kuiondolea kinachobaki nyumbani. Ipo pia hasara ambayo ni nadra kutajwa: kucha iliyopakwa humfumba macho mhudumu wa afya siku mtoto anapofikishwa mbele yake akihema kwa shida.

Kilichomo ndani ya chupa

Rangi ya kawaida ya kucha, ambayo wazee wengine bado huiita kutexi kwa jina la bidhaa ya zamani ya Cutex, ni mchanganyiko wa vitu vichache. Ipo nitroselulosi, inayofanya utando mgumu. Upo utomvu wa kiwandani unaoushikamanisha utando huo na kucha. Kipo kilainishi kinachozuia utando usipasuke. Na vipo viyeyusho, hasa ethili asetati na butili asetati, vinavyoufanya mchanganyiko uwe majimaji hadi unapopakwa. Ile harufu kali ni ya viyeyusho vikiruka hewani. Rangi inapokauka sehemu kubwa ya viyeyusho huwa imekwisha kutoka, na kinachobaki kuchani ni utando mwembamba mfano wa plastiki. Kwa sababu hiyo mtoto aliyebandua kipande kidogo cha rangi kavu na kukimeza kwa kawaida hapati madhara yoyote, na mzazi hana haja ya kukimbilia hospitali usiku kwa jambo hilo pekee.

Hata hivyo, utando huo si kitu kisicho na lolote. Kwa miaka mingi vitu vitatu vililalamikiwa katika rangi za kucha: tolueni, formaldihaidi na dibutili fthaleti. Hicho cha tatu kilipigwa marufuku katika vipodozi ndani ya Umoja wa Ulaya, baada ya majaribio ya wanyama kuonyesha kwamba huathiri mfumo wa uzazi. Viwanda vingi vikakiondoa, na baadhi ya chupa zikaanza kuandikwa kuwa hazina vitu hivyo vitatu. Lakini kilainishi kilikuwa bado kinahitajika, na baadhi ya viwanda vikaweka trifenili fosfeti. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, pamoja na shirika la Environmental Working Group walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 26 waliopaka rangi yenye kemikali hiyo. Saa 10 hadi 14 baada ya kupaka, mabaki yake katika mkojo yalikuwa yamepanda karibu mara saba. Baadhi yao walipopaka rangi juu ya kucha bandia wakiwa wamevaa glavu, ongezeko hilo halikuonekana, ingawa hewa waliyovuta ilikuwa ileile. Kwa maneno mengine, kemikali ilikuwa imeingilia vidoleni.

Uchunguzi huo ulihusu watu wazima, wala haukuonyesha kwamba walipata ugonjwa. Si haki kuutumia kuwatisha wazazi. Unachofundisha ni kwamba kidole kilichopakwa si mlango uliofungwa, na kwa mtoto mdogo ipo njia ya pili ambayo mtu mzima hana: mdomo. Mtoto wa mwaka mmoja hukijua kila kitu kwa kukitia mdomoni, kuanzia vidole vyake mwenyewe. Uzito wake ni kilo tisa au kumi, na kiasi ambacho kwa mama yake ni kidogo, kwake si kidogo. Hakuna faida yoyote ya kiafya iliyo upande wa pili wa mizani, na pasipo faida hata hatari ndogo haina sababu ya kukubaliwa.

Rangi za jeli, zile zinazokaushwa kwa taa ya urujuanimno, ni suala jingine, na hapa msimamo lazima uwe mkali zaidi. Rangi hizi zina kemikali za jamii ya methakrileti ambazo zikigusa ngozi kabla hazijakauka vizuri huweza kuleta mzio wa kudumu. Mtu aliyepata mzio huo akiwa mtoto huweza kusumbuka baadaye kwenye matibabu ya meno na ya mifupa, kwa kuwa vifaa vya jamii hiyohiyo hutumika huko. Umoja wa Ulaya umeweka masharti kwamba baadhi ya kemikali hizi zitumiwe na wataalamu wa saluni tu, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 umezuia kabisa katika vipodozi kemikali ya TPO, iliyokuwa ikisaidia jeli kukauka chini ya taa. Mtoto hawezi kutuliza mkono dakika nzima bila kugusa kitu. Jeli asipakwe, wala kucha za kubandika asibandikwe. Gundi ya kucha hizo ni ya jamii ya gundi kali za dukani. Ikimwagikia nguo ya pamba huchemka na kuunguza ngozi iliyo chini yake.

Jambo moja kwa wahudumu wa afya kabla ya kuendelea. Mzio wa rangi ya kawaida ya kucha mara nyingi hauonekani kwenye vidole. Huonekana kwenye kope, mashavuni na shingoni, mahali ambapo mtu hujigusa bila kujua, kwa kuwa ngozi ya hapo ni nyembamba. Mtoto au mama mwenye vipele na mwasho wa kope usiopona kwa dawa za macho anastahili kuangaliwa mikono, na mama aulizwe kuhusu kucha zake mwenyewe, kwani mkono wake ndio unaomwosha mtoto uso.

Kichupa cha asetoni

Rangi ikipakwa lazima iondolewe, na hapo ndipo hatari halisi inapoingia nyumbani. Kiondoa rangi kinachotumika zaidi ni asetoni. Haina rangi, ni nyepesi kama maji, na ile iliyotiwa rangi na kiwanda huwa ya pinki au ya buluu, mithili ya juisi. Hatari huzidi pale inapomiminwa kutoka chupa kubwa ya saluni na kuwekwa katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda ili iwe rahisi kubeba. Mafuta ya taa yamedhuru watoto wengi nchini kwa njia hiyohiyo: chupa ya kinywaji, kimiminika kisicho kinywaji, na mtoto mwenye kiu.

Mtoto aliyekunywa asetoni huanza kwa kutapika na kuchomwa mdomo na koo. Akinywa kiasi kikubwa hulegea, husinzia, huweza kupoteza fahamu, na upumuaji hupungua. Akitapika huku amelegea, matapishi huweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Pumzi yake hunuka asetoni, na dalili hiyo huweza kumpotosha hata mhudumu mzoefu, kwa kuwa pumzi ya mtoto mwenye kisukari kilichofikia hatua ya hatari hunuka vivyo hivyo. Mkanganyiko huongezeka mkojo unapopimwa, kwani kipimo cha ketoni husoma juu katika hali zote mbili, na baadhi ya waliokunywa asetoni sukari yao ya damu nayo hupanda.

Kutofautisha kunawezekana kwa kuuliza na kuangalia. Mtoto wa kisukari kwa kawaida amekuwa akinywa maji mengi, akikojoa mara kwa mara na kukonda kwa siku au majuma kadhaa, na anahema kwa kasi na kwa kina. Mtoto aliyekunywa asetoni alikuwa mzima asubuhi. Mabadiliko yamekuja ghafla, na upumuaji wake huelekea kupungua. Sukari ipimwe mara moja kwa kila mtoto aliyelegea, kwa sababu inaweza pia kuwa imeshuka, na sukari iliyoshuka huua haraka kuliko asetoni yenyewe. Kumwanzishia insulini mtoto ambaye hana kisukari ni kosa lisilosahihishika kwa urahisi. Swali moja kwa mama, kama nyumbani kuna kichupa cha kuondolea rangi, huweza kulizuia.

Matibabu ya asetoni ni ya kumsaidia mtoto mwili wake ukiwa unaiondoa: kulinda njia ya hewa, kumlaza ubavu, oksijeni inapohitajika, kuweka sawa sukari na joto la mwili, na kumwangalia kwa saa kadhaa. Mkaa wa dawa hauna msaada wa maana. Nyumbani, mzazi asimtapishe mtoto kwa kidole wala kwa maji ya chumvi, wala asimnyweshe mafuta. Maziwa, ambayo katika familia nyingi hudhaniwa kuwa dawa ya kila sumu, hayaondoi asetoni. Yakinyweshwa kwa nguvu kwa mtoto anayesinzia humpalia. La kufanya ni kumwondolea kichupa, kumfuta mdomo, kumlaza ubavu na kwenda kituoni na chupa yenyewe mkononi, hata kama imebaki tone moja.

Chupa hiyo ina umuhimu kwa sababu nyingine. Viondoa gundi vya kucha bandia, ambavyo kwa macho hufanana na asetoni, vimewahi kutengenezwa kwa asetonitraili. Kemikali hii mwilini hugeuka sianidi, na hugeuka polepole. Mwaka 1988 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha taarifa ya watoto wawili waliokunywa kimiminika cha aina hiyo. Mmoja wao alifariki. Kilichowaponza watu ni kudhani kwamba ni asetoni ya kawaida, kwa kuwa saa za mwanzo mtoto huonekana hana tatizo kubwa. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika vipodozi, lakini mhudumu asiyeijua chupa iliyonywewa hawezi kujua kilichokuwamo. Pale lebo inapotaja kemikali hiyo, au pasipo lebo na kimiminika kilikuwa cha kubandulia kucha bandia, mtoto asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa kuwa tu anacheza. Apelekwe hospitali na aangaliwe kwa saa 24. Kutoka zahanati za vijiji vinavyoizunguka Mbalizi, njia ya rufaa hupita Hospitali ya Ifisi hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, na ni heri safari hiyo ifanywe mchana mtoto akiwa bado ana nguvu.

Asetoni pia hushika moto kwa urahisi wa kutisha. Nyanda za Juu Kusini jambo hili lina uzito wake. Mwezi Juni na Julai baridi hufanya milango ifungwe mapema na jiko la mkaa liingizwe ndani, na jioni hiyohiyo ndiyo wakati wa dada kumfuta mdogo wake rangi kabla ya Jumatatu, kwa sababu shuleni kucha zitakaguliwa mstarini. Mvuke wa asetoni ni mzito kuliko hewa. Hushuka na kutambaa sakafuni, palepale jiko lilipo na mtoto alipoketi. (Moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa ni hatari inayojitegemea, na umeua watu ambao hawakuwa na kichupa chochote.)

Kucha mbele ya mhudumu

Chukuliwe mfano wa mtoto wa miezi 18 anayeletwa kituoni na bibi yake asubuhi ya Jumatatu, baada ya harusi ya Jumamosi. Anakohoa, ana homa, anahema haraka. Vidole vyote kumi vina rangi ya buluu iliyokolea.

Mhudumu aliyefunzwa huduma za dharura za watoto atataka kujua mambo matatu, na yote matatu huyasoma kuchani. Kwanza rangi yenyewe: nyama iliyo chini ya kucha ni ya pinki, au imekuwa ya samawati kwa kukosa oksijeni, au imepauka kwa upungufu wa damu? Pili, mzunguko wa damu: ukucha wa kidole gumba cha mkono au cha mguu hubonyezwa kwa sekunde tano hadi uwe mweupe, kisha huachiwa; damu ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, mzunguko ni dhaifu, na mtoto anayeonyesha pia dalili nyingine za mshtuko anahitaji huduma dakika hiyohiyo. Tatu, kiwango cha oksijeni kwa oksimeta, kile kibanio kidogo kinachobanwa kidoleni.

Oksimeta hufanya kazi kwa kupitisha aina mbili za mwanga, mwekundu na ule usioonekana kwa macho wa infraredi, kutoka upande wa kucha hadi upande wa pili wa kidole. Damu yenye oksijeni na ile isiyo nayo hufyonza mianga hiyo kwa namna tofauti, na chombo hupiga hesabu kutokana na tofauti hiyo. Rangi ya kucha ikiwa njiani nayo hufyonza mwanga. Tafiti zilizofanywa tangu miaka ya 1980 zimeonyesha kwamba rangi za buluu, kijani, nyeusi na kahawia ndizo zinazovuruga zaidi, na kwa kawaida hushusha kipimo. Kwa vyombo vya kisasa tofauti ni ndogo, mara nyingi asilimia moja au mbili, na wapo watakaosema ni ya kupuuzwa.

Si ya kupuuzwa pale uamuzi unapotegemea namba moja. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani hutumia asilimia 90 kama mpaka: mtoto mwenye nimonia aliye chini ya hapo anahitaji oksijeni na kulazwa. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Mbalizi iko chini kidogo ya hapo. Katika miinuko ya namna hii hata mtoto mzima husoma chini kidogo ya mtoto wa Dar es Salaam. Kipimo cha 89 kwa mtoto mwenye kucha za buluu kinaweza kuwa cha kweli, au kinaweza kuwa 91. Upande wa pili upo pia: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi oksimeta huweza kusoma juu kuliko hali halisi. Chombo chenye kasoro zake kikiongezewa rangi ya kucha, mhudumu hujikuta anakisia. Nimonia ni miongoni mwa magonjwa yanayoua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano nchini, na hapa si mahali pa kukisia.

Kibaya zaidi ni suluhisho linalokuja haraka akilini, la kuomba asetoni na kufuta. Kama mtoto yuko kwenye oksijeni, au mtungi na mashine ya oksijeni vipo karibu, asetoni isifunguliwe katika chumba hicho. Oksijeni hufanya moto mdogo uwe mkubwa ndani ya nukuu ya muda, na mvuke wa asetoni ndio kuni. Pia mtoto anayehema kwa shida hapaswi kuvuta mvuke huo. Oksimeta ihamishiwe kidole cha mguu ambacho hakijapakwa, au kwenye ndewe ya sikio kwa kibanio kinachofaa. Kama hakuna, ibanwe kwa kuzungushwa ili mwanga upite ubavuni mwa kidole badala ya kupita kwenye kucha. Mzunguko wa damu uangaliwe kwa kubonyeza kifua juu ya mfupa wa kati. Rangi ya samawati itafutwe kwenye ulimi na ndani ya midomo, na upungufu wa damu kwenye viganja, kama miongozo ya huduma kwa watoto wagonjwa inavyoelekeza. Kucha zitafutwa baadaye, nje, mtoto akiwa ametulia.

Namna ya kusema nayo ina nafasi yake. Bibi aliyebeba mtoto mgongoni kutoka nje ya mji, akakaripiwa mbele ya watu kwa sababu ya urembo wa harusi, safari ijayo atachelewa kuja. "Shikamoo bibi, mjukuu kapendeza, ila rangi hii inatuzuia kuona pumzi yake vizuri, safari nyingine tumwachie vidole vyake" inatosha, na bibi ataelewa.

Hina na piko

Wazazi wanapoambiwa rangi ya kucha haifai, wengi huuliza kuhusu hina, kwa hoja kwamba hiyo ni jani tu. Hina imetumika Pwani na Visiwani kwa karne nyingi, na Mbeya nayo huuzwa sokoni na kupakwa kwa ajili ya Idi na harusi. Kwa mtu mzima mwenye afya, hina halisi haina shida kubwa. Kwa mtoto mchanga jibu ni tofauti kabisa.

Kemikali inayotoa rangi katika hina, losoni, hupenya ngozi. Kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kemikali hiyo huweza kupasua chembe nyekundu za damu kwa wingi. Mtoto huwa wa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, damu hushuka, na maisha huwa hatarini. Taarifa za watoto waliofikia hali hiyo baada ya kupakwa hina zilichapishwa mwaka 2001 kutoka Al Ain, Falme za Kiarabu. Upungufu huu wa kurithi umeenea katika maeneo yaliyokuwa na malaria kwa vizazi vingi, Tanzania ikiwamo, na walio wengi hawajui kama wanao hadi siku wanapougua. Mtoto mchanga asipakwe hina mikononi, miguuni wala kitovuni. Mkunga au muuguzi anayempokea kichanga mwenye manjano makali aulize kuhusu hina, na aangalie nyayo.

Piko ni jambo jingine tena. Weusi wake wa haraka mara nyingi hutokana na kemikali ya kupaka nywele, PPD, ambayo huweza kubabua ngozi kwa malengelenge na kuacha mzio wa maisha. Ikimezwa huvimbisha koo na kuziba njia ya hewa. Kwa mtoto wa umri wowote, hapana.

Soko na sheria

Mjadala wa kucha na afya si mgeni nchini. Septemba 2018, baada ya Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. Faustine Ndugulile, kueleza bungeni madhara ya kope na kucha za kubandika, Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge kuingia ukumbini wakiwa nazo. Watu walicheka na wengine wakakasirika, na gumzo likaishia kwenye mavazi ya wanawake. Watoto hawakutajwa, ingawa wao ndio wasioweza kusoma lebo.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uliondolewa iliyokuwa TFDA, ambayo leo ni TMDA, ukahamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mzazi au mhudumu anayekutana na bidhaa isiyo na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato wala tarehe ya mwisho wa matumizi anaweza kutoa taarifa huko. Picha ya mwanasesere kwenye chupa haithibitishi kwamba rangi ilitengenezwa kwa ajili ya watoto. Zipo kweli rangi za maji zinazobanduka bila asetoni, na ni bora kuliko za kawaida, lakini nazo huziba kucha mbele ya mhudumu kama nyingine.

Baada ya miaka mitano

Kwa mtoto aliyefikia miaka mitano au sita, asiyetia vidole mdomoni wala kung'ata kucha, rangi ya kawaida kwa siku ya sherehe haina tatizo kubwa. Ipakwe nje au dirisha likiwa wazi, mbali na moto, na mbali zaidi kama mtoto ana pumu, kwa kuwa harufu yake huweza kuamsha shambulio. Isigusishwe ngozi laini ya mzizi wa kucha, wala kisitumike kijiti cha kusukuma ngozi hiyo, kwani ndiyo inayozuia vijidudu kuingia. Kama rangi imeganda na mpaka rangi anataka kuilainisha kwa thina ya kupakia nyumba, mzazi akatae. Kucha ziwe fupi kwanza. Rangi juu ya kucha ndefu huficha uchafu ambao ukaguzi wa mstarini ungeukamata, na pamoja nao mayai ya minyoo. Kidole gumba cha mkono mmoja kiachwe bila rangi.

Ifutwe baada ya siku moja au mbili, barazani, na mtu mzima, si na dada wa miaka tisa. Pamba iliyotumika itupwe chooni au kwenye shimo la taka lisilowaka, si jikoni. Mtoto anawishwe kwa sabuni kabla ya kula, na mikono ipakwe mafuta kwa sababu asetoni hukausha ngozi. Kichupa kibaki katika chupa yake ya dukani, kifuniko kikiwa kimekazwa, juu ya kabati mahali ambapo hata kiti hakimfikishi mtoto. Nyumba yenye mtoto anayetambaa haina haja ya kukiweka kabisa. Mpaka rangi atapita tena kesho.